Makopo Yasiyotobolewa

Msumari ulikuwa wa inchi sita, kichwa chake kimepigwa nyundo miaka mingi hadi kimefumuka kama uyoga. Ulining'inia kwa kamba nyuma ya mlango wa ghala namba tatu, pembeni ya daftari la funguo, na mgeni asingejua kwamba pale mpakani hatukuwa na kifaa kikubwa kuliko hicho. Kompyuta ziligoma, mizani ilikwama, mhuri uliishiwa wino. Msumari haukuwahi kukataa kazi.

Bidhaa ikikamatwa na ikaonekana haifai kuliwa, haitupwi hivi hivi. Kila kopo linatobolewa, kila chupa inavunjwa, kila gunia linapasuliwa na kumwagiwa oili chafu, ndipo vinapelekwa shimoni nyuma ya uzio na kufukiwa. Kopo zima, hata likizikwa, lina miguu. Hayo ni maneno ya mkuu wangu, afisa forodha ambaye madereva wa malori walimwita Bwana Lakiri, kwa sababu katika miaka thelathini na moja hakuwahi kufungua mzigo uliofungwa lakiri, yaani muhuri wa forodha wenye namba, bila hati mkononi na shahidi pembeni. Walisema hata chakula chake cha mchana mkewe hukifunga kwa lakiri, naye huisoma namba kwanza kabla ya kukila.

"Watu wanadhani forodha ni kodi," aliniambia siku niliyoanza kazi. "Kodi ni mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ni huu." Akanishikisha msumari. "Tunachokizuia hakuna atakayetushukuru kwacho, kwa sababu hakuna atakayekiona. Ukitaka shukrani, binti, kauze maua."

Nilicheka. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni miezi miwili kabla, nimesoma nikiwa na mimba, nimefanya mtihani wa mwisho mwanangu akinipiga mateke chini ya dawati. Kuitwa karani wa ghala, kuwa na kalamu yangu na kiti changu, kuliniongezea urefu. Nikitembea uani katikati ya malori, nilihisi hata mizani ikinipima itanizidishia.

Alhamisi moja, Bwana Lakiri alikamata lori lililotangazwa kubeba nguo za watoto. Lakiri ilikuwa nzima, haijachezewa, lakini tarakimu moja haikulingana na hati: kwenye hati ilikuwa nane, kwenye lakiri ilikuwa tatu. Mwingine angesema ni kosa la mwandishi. Yeye alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Shusha." Chini ya nguo yalitoka maboksi ishirini na sita ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, makopo kumi na mawili katika kila boksi. Makopo ya bluu, yana picha ya bata aliyevaa kofia. Yalipelekwa maabara, majibu yakarudi baada ya siku tisa: hayafai, yateketezwe. Barua yenyewe sikuisoma. Ilikuwa na kurasa nne, nami kazi yangu ilikuwa kutoboa.

Kwa hiyo Alhamisi nyingine, saa saba mchana, nilikaa juu ya kreti tupu na nyundo na msumari, makopo mia tatu na kumi na mawili mbele yangu. Bwana afya, yaani afisa wa afya anayetakiwa kushuhudia, alisimama nami kwa maboksi mawili. Kisha likaingia lori la samaki lililoharibika jokofu, harufu ikafika kabla yake, akasaini fomu, akaniambia, "Endelea dada, nakuamini," akaondoka na leso puani. Bwana Lakiri naye alikuwa mizanini. Alisaini akiwa amesimama, fomu ikiwa juu ya boneti ya gari, macho yake kwenye mizani.

Nilitoboa. Ngo, ngo, ngo. Unga ulinirukia mikononi, mtamu kunusa, na harufu ile ikafanya kile ambacho mama yeyote anayenyonyesha anakijua: kifua kikajaa hadi kikauma, blauzi ikalowa. Nyumbani walikuwa wananisubiri watoto wawili. Wa kwangu tulimwita Bwana Mdogo, ana miezi minane. Wa pili alikuwa wa wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliyeishi naye chumba kwa chumba. Wifi aliugua homa baada ya kujifungua, maziwa yakakauka kabisa, na mumewe alikuwa safari za mbali na malori. Basi binti yake, mdogo kama pipi, tukamwita hivyo hivyo, Kipipi, nilimnyonyesha mimi. Asubuhi kabla sijatoka, na saa tisa nikirudi. Katikati alikunywa uji mwepesi, akiukunjia uso.

Nikifika tu mlangoni wifi alitangaza kwa sauti ya kuuza samaki: "Fungueni njia, gari la maziwa la serikali limefika. Mume wangu, inuka, chakula." Mume wake huyo ni Bwana Mdogo. Ndivyo tulivyotaniana, mawifi wawili, na nyumba ilikuwa nyepesi.

Saa tisa kasoro robo nilikuwa nimemaliza maboksi kumi na manne. Yalibaki kumi na mawili. Mkono ulikuwa umevimba, kifua kinawaka, na nilimwona Kipipi kama niko naye, anavyogeuza geuza kichwa akitafuta. Nikajiambia, yanakwenda shimoni, yatafukiwa, nani atayaona? Niliweka maboksi mazima chini, yaliyotobolewa juu. Mkaguzi huangalia juu. Nikaandika: *Yametobolewa yote, 312*. Nikasaini jina langu zuri la cheti, lenye mkia.

Nilichokuwa sijui ni kwamba katapila la kufukia shimo lilikuwa limekatika mnyororo. Shimo lilikaa wazi hadi Jumatatu, ndipo likafukiwa.

Mwezi uliofuata zamu yangu ilibadilishwa, nikawa natoka saa kumi na mbili jioni. Maziwa yangu yakapungua. Yalimtosha Bwana Mdogo kwa shida. Wifi hakulalamika hata siku moja. Alisema tu, "Usijali, wifi, nimepata njia yangu," nami kwa uchovu sikuuliza ni njia gani.

Nilikuja kuiona Jumatano moja, wiki tatu baadaye. Nilikuwa nimepewa ruhusa mapema. Nilimkuta wifi amekaa kizingitini, Kipipi mapajani, anamkorogea chupa. Kopo lilikuwa sakafuni pembeni yake. Bluu. Bata na kofia.

Nikaliinua. Kwenye ukingo wa chini palikuwa na udongo mwekundu uliokauka, na juu ya udongo namba ya toleo, ile ile niliyoipiga chapa kwenye orodha mara ishirini na sita. Nililigeuza mara mbili nikitafuta tundu. Halikuwa na tundu.

"Umelipata wapi hili?"

"Sokoni, kwa yule mama wa mitumba. Anayo machache, anauza kwa bei ya huruma." Wifi alitabasamu. "Hili la tatu. Mwangalie alivyopata mashavu. Halafu mtoto ana akili huyu, ameamua kuniokoa na sabuni. Nepi tangu asubuhi kavu."

"Haya maziwa yamepita muda," nikasema.

"Wapi? Tarehe hii hapa."

"Mimi ndiye ninayejua, wifi. Yamepita."

"Haya, bibi forodha. Mwisho mtakamata hata mate ya mtu mdomoni."

Nilichukua kopo, nikaenda nalo chooni, nikalitumbukiza. Nikasikia lilivyotua. Nikarudi, nikamchukua Kipipi, nikampa ziwa, akalishika kidogo halafu akageuza uso ukutani. Nikamwambia wifi aniachie mimi kumlisha kuanzia sasa, hata kama Bwana Mdogo atapunjika. Wifi aliniangalia, akaguswa. Akanishika bega. "Mungu akuweke," akasema.

Nilijiambia nimezuia. Si ndiyo kazi yetu, kuzuia? Sikujua yale maziwa yana nini. Nilijua tu kwamba hayafai, na kwamba jina langu liko kwenye fomu. Alhamisi nilikwenda kazini nikapita mbele ya kabati la mafaili mara sita bila kulifungua. Nilikuwa na nepi za kufua, nilikuwa na kodi ya chumba, nilikuwa na cheti ukutani kwenye fremu ambayo mume wangu, fundi wa matairi, aliitengeneza kwa mikono yake. Mtu akiwa na hofu hana upungufu wa sababu.

Ijumaa uso wa Kipipi ulivimba. "Amenenepa," wifi alisema asubuhi, lakini sauti haikuwa yake. Saa sita akamkimbiza hospitali. Jioni nilipofika, walikuwa wamemtundikia dripu. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema ni tumbo, watoto wanne wodini wana tumbo hilo hilo, labda maji ya mabomba. Tumpe maji mwilini, tusubiri. Nilisimama mguuni mwa kitanda. Nilifungua mdomo. Wifi akasema, "Kaa wifi, umechoka," nikakaa.

Jumamosi asubuhi nilifungua kabati.

Barua ya maabara ilikuwa nyuma ya fomu yangu. Niliisoma kurasa zote nne, kidole chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwenye mali alikuwa ameuchanganya unga na kemikali ya kiwandani ili kipimo kionyeshe una nguvu. Ukurasa wa tatu ulisema kemikali hiyo hutengeneza vijiwe katika figo za watoto wachanga. Dalili za mwanzo ni kukojoa kidogo au kutokojoa. *Mgonjwa asipewe maji mengi kabla figo hazijapimwa.*

Bwana Lakiri alikuwa ofisini kwake anakunywa chai. Niliweka faili mezani.

"Yako mitaani," nikasema. "Mtoto wa wifi yangu ameyanywa. Yuko wodini na wenzake watatu."

Alisoma ukurasa wa tatu. Akaweka kikombe chini taratibu sana. "Yaliyotobolewa yangeingia maji na udongo. Asingeyachukua mtu."

"Sikutoboa yote."

Hakuniangalia. Aliangalia saini yangu, kisha yake, iliyokuwa chini ya yangu, kisha ya bwana afya.

"Mangapi?"

"Nilitoboa maboksi kumi na manne."

"Nimekuuliza mangapi yako nje."

"Mia moja arobaini na manne."

Nje dereva mmoja alipiga honi, mwingine akamtukana, wakacheka. Bwana Lakiri alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Shamba alishanunua, alinionyesha picha yake kwenye simu mara nyingi: mawe matupu, yeye akayaita shamba.

"Tunaweza kuandika kwamba shimo liliachwa wazi, watu wakaiba," akasema hatimaye, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine. "Si uongo. Liliachwa wazi. Katapila halina mdomo."

"Ndiyo, mzee."

"Hospitali wapewe barua ya maabara tu. Fomu ibaki."

"Ndiyo, mzee." Nilikuwa nalia, sikupaza sauti. "Lakini watakaoyatafuta sokoni watatafuta mangapi? Wataachia wapi?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akafungua faili, akachomoa barua na fomu, zote mbili, akanipa.

"Nenda hospitali wewe. Mimi nakwenda kituo cha polisi, kisha kwa mkurugenzi. Nitawaambia mia moja arobaini na manne." Mlangoni akageuka. "Nilisaini juu ya boneti," akasema. "Miaka thelathini na moja, binti. Juu ya boneti."

Nilikimbia. Daktari alisoma akiwa amesimama, na kabla hajafika chini ya ukurasa alikuwa ameshamwita muuguzi, dripu ya Kipipi ikafungwa, akaenda kitanda kwa kitanda akiwauliza akina mama: la bluu? lina bata? Wote watatu waliitikia. Mmoja alikuwa nalo kwenye kikapu, amelifunika kwa kanga lisipate vumbi. Watoto wale walipimwa, wawili wakapelekwa siku ile ile hospitali kubwa. Waliishi. Nasema hilo sasa kwa sababu mwenyewe hulisema kila asubuhi, na halinitoshi.

Kipipi figo zake zilikuwa zimesimama. Daktari alitueleza sisi wawili kwenye korido, penye ndoo za kudeki. Alisema watajaribu. Alisema, bila kujua anamwambia nani, "Tungejua siku mbili tatu kabla, habari ingekuwa nyingine."

Wifi alinitazama. Alikuwa ameiona fomu mkononi mwa daktari. Hajasoma sana, lakini saini yangu aliijua, alinisifia siku niliyomwonyesha cheti.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo asubuhi. Ndipo niliposoma barua. Ingekuwa kweli, kweli ya aina ile ya katapila.

"Jumatano," nikasema. "Nilipolitupa."

Aliinua mkono wa kushoto akahesabu kwa vidole, taratibu, bila ghadhabu, kama anayehesabu siku za mtoto kuanza kukaa. "Alhamisi. Ijumaa. Leo." Akabaki ameshika kidole cha tatu. "Na mimi nikakuombea Mungu," akasema.

Kipipi alifariki Jumapili saa nane mchana. Alikuwa na miezi mitano na siku nne.

Wifi alihama chumba kile baada ya matanga. Alihamia kwa shangazi yake upande wa pili wa soko, na mume wangu ndiye aliyembebea godoro. Alirudi, akakaa kitandani, akaniambia, "Hajasema neno juu yako. Afadhali angetukana." Mimi nilisimamishwa kazi, kesi yangu inaendelea, naripoti polisi kila Jumamosi asubuhi. Bwana Lakiri alistaafishwa. Siku ya kukabidhi ofisi alikuja nyumbani kwetu, hakuketi, akanipa kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ulikuwa msumari. "Ghala limeletewa mashine," akasema. "Huu ungetupwa."

Wao polisi na watu wa afya walitafuta wiki mbili. Walipata makopo mia na kumi na tisa, mazima na matupu. Halafu wakafunga jalada la msako, wana kazi nyingine. Mimi sikuweza kufunga. Nikishatoka kuripoti, namfunga Bwana Mdogo mgongoni, naingia sokoni na vioski vya mtaa kwa mtaa, nauliza. Mwanzoni walinicheka. "Mama Msumari huyo, ficheni makopo yenu." Mchuuzi mmoja aliniuliza kama nauza au nanunua, nikamwambia natoboa, akasema basi mume wangu ana kazi. Nilicheka pia, sijui kwa nini. Lakini wengine walitoa. Moja lilikuwa kwenye rafu ya mshona nguo, anawekea vifungo. Moja lilikuwa zima, bibi kizee analitunzia mjukuu atakayezaliwa. Nililitoboa mbele yake nikimweleza kwa nini, naye akanishika mikono yote miwili, mikono hii.

Nikijumlisha na ya polisi, nilifika mia moja thelathini na moja, nikakwama hapo miezi miwili.

Jumamosi iliyopita jioni nilikuwa nimechuchumaa uani nafua. Mlango wa uzio ukalia. Wifi. Amekonda, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Bwana Mdogo, ambaye sasa anatembea, alimkimbilia akamshika sketi, naye akamwekea kiganja kichwani, kidogo tu, akakiondoa. Hakumwita "mume wangu" kama zamani.

Alitoa kopo kwapani. Bluu. Zima. Akaliweka chini mbele yangu, juu ya saruji, katikati ya maji ya sabuni.

"Lilikuwa kwa jirani wa shangazi," akasema. "Alilisahau juu ya kabati. Ana mimba."

Nilisema, "Karibu, wifi."

"Sikuja kukaa." Akavuta ndoo, akaigeuza kifudifudi, akaketi juu yake mkabala nami, magoti yake karibu yaguse yangu. "Msumari uko wapi?"

Nilikwenda kuuleta pamoja na nyundo. Mikono ilikuwa ina povu, nikaifuta kwenye gauni. Nililishika kopo kwa magoti, nikaweka ncha katikati ya kofia ya yule bata, nikasita.

"Toboa," wifi akasema. "Naangalia."

Nikapiga. Harufu ile tamu ikatoka. Hakugeuza uso. Alisubiri hadi nilipomwaga unga wote kwenye maji machafu, ukaelea, ukazama, na kopo likabaki tupu.

"Mia moja thelathini na mbili," nikasema.

"Bado kumi na mawili," akasema wifi. Akainuka, akaipangusa sketi yake pale mtoto alipoishika. "Jumamosi ijayo ukitoka polisi, anzia upande wetu. Mimi nitakuwa nimeshauliza mtaa wa juu."